Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuwasha Programu Ndani ya Makontena ya LXC kwa Mstari wa Amri

Ukurasa huu unahusu makontena ya mfumo, yaani yale yanayobeba mfumo mzima wa Linux pamoja na watumiaji wake, huduma zake na anwani yake ya mtandao, na hasa yale yanayoendeshwa kwa zana za LXC (kifupi cha Linux Containers). Amri zimeandikwa kwa kuchukulia kwamba kompyuta mwenyeji inatumia Debian au Ubuntu, kwamba mtumiaji anaitwa `fundi`, na kwamba kontena la mfano linaitwa `duka`.

Kontena la mfumo ni nini, na linatofautianaje na kompyuta pepe?

Aliyewahi kuishi katika nyumba ya kupanga hatapata tabu kuelewa. Kila mpangaji ana chumba chake na kufuli lake, na jirani hajui kilichopikwa ndani. Lakini msingi, paa na mita ya LUKU ni vya nyumba nzima. Kompyuta pepe ni nyumba inayojitegemea, yenye msingi na mita yake. Katika kontena, msingi huo wa pamoja ni kerneli, yaani kiini cha Linux: ukiandika `uname -r` ndani ya `duka` na kisha nje yake, utapata jibu lile lile, hata kama ndani umesakinisha Alpine na nje ni Debian. Ndiyo maana kontena huwaka kwa sekunde chache na halihitaji kutengewa kumbukumbu mapema, na ndiyo maana pia kerneli ikianguka, wapangaji wote huanguka nayo.

Kuta za vyumba zimejengwa na kerneli yenyewe kwa njia mbili. Ya kwanza ni nafasi za majina, ambazo huamua mchakato unaona nini: michakato ipi, mafaili yapi, kadi zipi za mtandao, jina gani la kompyuta. Ya pili ni vikundi vya udhibiti, ambavyo huamua mchakato unatumia kiasi gani cha kumbukumbu na cha kichakataji. Nafasi ya majina ya mafaili iliingia katika Linux mwaka 2002, vikundi vya udhibiti viliingia na toleo 2.6.24 mwaka 2008, na nafasi ya majina ya watumiaji ikawa tayari kwa matumizi katika toleo 3.8 mwaka 2013. LXC haikuvumbua hata moja kati ya hizo. Kazi yake ni kuziunganisha na kumpa mtumiaji amri zinazoeleweka.

Mbona nisitumie Docker tu?

Tumia, ikiwa unachotaka ni kufungasha programu moja na kuisambaza. Docker ilipotoka mwaka 2013 ilijengwa juu ya LXC yenyewe, na mwaka uliofuata ikabadilisha na kutumia maktaba yake. Tofauti iliyopo leo ni ya makusudio: kontena la Docker kwa kawaida huishi kadiri programu yake inavyoishi, ilhali kontena la LXC huwaka kama kompyuta, lina init yake (mchakato wa kwanza unaowasha huduma nyingine), linapokea masasisho, na programu huja na kuondoka ndani yake bila lenyewe kuzimika. Mtu anayetaka kuweka seva ya wavuti, hifadhidata na ratiba za cron mahali pamoja, kama angefanya katika kompyuta ya kawaida, atahangaika bure akilazimisha Docker.

Nianzie wapi?

Sakinisha pakeji mbili, kagua kerneli, kisha unda kontena:

`sudo apt install lxc uidmap`
`lxc-checkconfig`
`sudo lxc-create -n duka -t download -- -d debian -r bookworm -a amd64`

Amri ya tatu hupakua taswira iliyo tayari, yaani nakala ya mfumo mzima, kutoka katika seva za mradi wa Linux Containers. Kwa anayelipia bando, ni vizuri kujua kwamba taswira hiyo huhifadhiwa chini ya `/var/cache/lxc`, kwa hiyo kontena la pili la aina hiyo hiyo huundwa bila kuipakua upya, mradi taswira iliyohifadhiwa haijachakaa. Anayebana matumizi zaidi achague Alpine, ambayo ni ndogo mno ikilinganishwa na Debian.

Nimeona `lxc-start`, `lxc-attach` na `lxc-execute`. Ipi huwasha programu?

Zote tatu, kila moja kwa namna yake, na makosa mengi tunayoulizwa hutokana na kuzichanganya. Kontena lililoundwa kwa `sudo`, kama hilo la juu, huhitaji `sudo` mbele ya amri hizi pia.

`lxc-start -n duka` huwasha kontena zima. Mchakato wa kwanza ndani yake, wenye namba 1, huwa ni init ya mfumo huo, na init ndiyo inayowasha huduma nyingine zote. Wewe hukuita programu yoyote moja kwa moja. Umefungua mlango tu, na mwenye nyumba akaamka.

`lxc-attach -n duka -- amri` huhitaji kontena ambalo tayari linafanya kazi. Huingiza mchakato mpya katika nafasi za majina za kontena hilo na kuendesha amri uliyoitaja. Kontena likiwa limezimwa, amri hii hulalamika kwamba haikuipata namba ya mchakato wa init, na wengi huona ujumbe huo wakadhani kontena limeharibika, kumbe halijawashwa.

`lxc-execute -n duka -- amri` haiwashi mfumo. Huweka msimamizi mdogo aitwaye `lxc-init` kama mchakato namba 1, naye huendesha amri yako kama mchakato namba 2, husubiri imalize pamoja na watoto wake waliobaki yatima, kisha hufunga. Hakuna huduma, hakuna cron, hakuna anayeomba anwani ya mtandao isipokuwa umeipanga katika faili la usanidi. Ni njia safi ya kuendesha hesabu moja au jaribio moja, lakini anayeitumia kuwasha seva ya wavuti iliyozoea kulelewa na systemd (init ya Debian na Ubuntu) atashangaa kwa nini nusu ya mambo hayapo.

Kwa kazi za kila siku, basi, utaratibu ni `lxc-start` mara moja, kisha `lxc-attach` kila unapohitaji kitu. Ukitaka tu kuingia na kufanya kazi kwa mkono, andika `lxc-attach -n duka` bila amri yoyote, nawe utapewa sheli, yaani programu inayosoma amri zako, ya msimamizi mkuu wa kontena hilo.

Vile vistari viwili vya katikati ni vya nini?

Hutenganisha maneno ya LXC na maneno ya programu yako. Bila vistari hivyo, katika `lxc-attach -n duka ls -l`, ile `-l` inaweza kuchukuliwa kuwa ni chaguo la `lxc-attach`. Jizoeshe kuviandika hata pale visipohitajika.

Nimeagiza amri ndani ya kontena, lakini faili la matokeo limejitokeza katika kompyuta yangu. Kulikoni?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ni la kukumbukwa: amri yako husomwa kwanza na sheli ya nje, kabla kontena halijasikia lolote. Angalia mifano hii mitatu:

`lxc-attach -n duka -- ls /root > orodha.txt`
`lxc-attach -n duka -- ls /etc/*.conf`
`lxc-attach -n duka -- echo $(hostname)`

Katika wa kwanza, alama ya `>` inatekelezwa na sheli yako, hivyo orodha ni ya kontena lakini faili linaandikwa nje. Katika wa pili, kinyota kinafumbuliwa kwa kutazama saraka ya `/etc` ya mwenyeji, kisha majina hayo yanapelekwa ndani, ambako huenda baadhi hayapo; ndipo `ls` inapolalamika juu ya mafaili ambayo hukuyataja kamwe. Wa tatu unachapisha jina la kompyuta mwenyeji, kwa sababu `hostname` iliendeshwa nje na jibu lake tu ndilo lililoingia.

Dawa ni kukabidhi sentensi nzima kwa sheli ya ndani, ikiwa imefungwa kwa alama moja za nukuu ili sheli ya nje isiiguse:

`lxc-attach -n duka -- sh -c 'ls /etc/*.conf > /root/orodha.txt'`

Alama mbili za nukuu (`"`) hazitoshi, kwa kuwa ndani yake sheli ya nje bado hufumbua alama ya dola. Tofauti ni ya kipande kimoja cha wino, na imewahi kumgharimu mwandishi wa ukurasa huu mchana mzima: amri ya kufuta mafaili ya muda ya kontena ilisafisha saraka ya mwenyeji.

Programu ninayoiwasha hufa nikifunga terminali. Niifanyeje ibaki?

Mchakato ulioingizwa kwa `lxc-attach` si mtoto wa init ya kontena. Ukiutazama kutoka ndani kwa `ps -ef`, utaona namba ya mzazi wake ni 0, yaani mzazi wake yuko nje na haonekani. Terminali yako ikifungwa, nao hupata ishara ya kukata simu (SIGHUP) na kwa kawaida huondoka.

Usiishie kwenye `nohup` na alama ya `&`. Hizo huuweka mchakato hai, lakini hakuna atakayeuwasha tena ukianguka, wala kontena likizimwa na kuwashwa. Kama kontena lina systemd, mwachie systemd kazi yake:

`lxc-attach -n duka -- systemctl enable --now nginx`

Kwa programu isiyo na faili la huduma, na ambayo unaihitaji kwa muda tu, `systemd-run` hufaa:

`lxc-attach -n duka -- systemd-run --unit=hesabu /opt/hesabu/anza.sh`

Sasa mzazi ni init ya ndani, na maneno ambayo programu inayatoa husomeka kwa `journalctl -u hesabu` ndani ya kontena. Ili kontena lenyewe liwake kila kompyuta inapowashwa, ongeza `lxc.start.auto = 1` katika `/var/lib/lxc/duka/config`.

Naambiwa amri haipatikani, ilhali programu nimeisakinisha kwa mkono wangu.

Kwa hali ya sasa, `lxc-attach` huingia na mazingira ya sheli yako, ikiwemo orodha ya saraka iliyo katika `PATH`. Mtumiaji wa kawaida wa Debian hana `/usr/sbin` katika orodha hiyo, kwa hiyo programu za kiutawala hazionekani hata ndani ya kontena. Tumia:

`lxc-attach -n duka --clear-env -- useradd -m mteja`

Chaguo hilo lina faida ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Mazingira ya sheli hubeba mambo mengi, na watu wengine huweka humo funguo za huduma za wingu na nywila za hifadhidata. Ukiingia katika kontena ambalo humwamini mwenyewe bila kusafisha mazingira, umemkabidhi hayo yote. Ukihitaji kigezo kimoja tu kiingie, kitaje kwa jina, kwa mfano `--set-var=LANG=C.UTF-8`.

Programu yangu inaendeshwa kwa jina la nani?

Inategemea aliyeliunda kontena. Kontena lililoundwa kwa `sudo` bila kubadilishwa usanidi lina msimamizi mkuu ambaye ni msimamizi mkuu wa kweli wa kompyuta nzima, mwenye namba 0 ndani na nje. Kuta zipo, na LXC huongeza ulinzi wa AppArmor na seccomp, lakini watengenezaji wa LXC wenyewe husema wazi kwamba kontena la namna hiyo halichukuliwi kuwa salama mbele ya mtu mwenye nia mbaya aliyeko ndani akiwa na mamlaka ya msimamizi.

Njia bora, iliyowezekana tangu LXC 1.0 ilipotoka Februari 2014, ni kontena lisilo na upendeleo. Hapo namba za watumiaji wa ndani hutafsiriwa kuwa namba nyingine nje. Hakikisha `/etc/subuid` na `/etc/subgid` zina mstari `fundi:100000:65536`, kisha andika katika `~/.config/lxc/default.conf`:

`lxc.idmap = u 0 100000 65536`
`lxc.idmap = g 0 100000 65536`
`lxc.net.0.type = veth`
`lxc.net.0.link = lxcbr0`
`lxc.net.0.flags = up`

Kisha katika `/etc/lxc/lxc-usernet` weka mstari `fundi veth lxcbr0 10`, unaomruhusu mtumiaji huyo kuunganisha hadi kadi kumi za mtandao kwenye daraja la `lxcbr0`. Kuanzia hapo, msimamizi mkuu wa ndani huonekana nje kama mtumiaji namba 100000, na `www-data`, mwenye namba 33 katika Debian, huonekana kama 100033. Hata akitoboa ukuta, anajikuta uani akiwa mtu asiye na ufunguo wa chumba chochote.

Kontena langu lisilo na upendeleo haliwaki. Limekwama wapi?

Mara nyingi ni ruhusa za saraka. Mafaili ya kontena hilo yako chini ya `~/.local/share/lxc`, na yule mtumiaji namba 100000 lazima aweze kupita katika kila saraka iliyo njiani. Ubuntu na Debian za siku hizi hufunga saraka ya nyumbani kwa watu wengine, jambo jema kwa usalama lakini linalomzuia mgeni huyu. Mpe ruhusa ya kupita tu, bila kusoma:

`setfacl -m u:100000:x ~ ~/.local ~/.local/share`

Sababu ya pili ni kwamba vikundi vya udhibiti havijakabidhiwa kwa mtumiaji. Hapo tumia `lxc-unpriv-start -n duka` badala ya `lxc-start`; hiyo huomba kukabidhiwa kabla ya kuwasha, na mwenzake `lxc-unpriv-attach` hufanya vivyo hivyo wakati wa kuingia. Ikishindikana bado, acha kubahatisha na usome kumbukumbu za tukio:

`lxc-start -n duka -F -l DEBUG -o /tmp/duka.log`

Naweza kuwasha programu yenye madirisha, kama GIMP?

Unaweza, kwa kupitisha ndani ya kontena soketi ya X, mfumo unaochora madirisha katika Linux. Ongeza katika usanidi:

`lxc.mount.entry = /tmp/.X11-unix tmp/.X11-unix none bind,optional,create=dir`

Njia ya pili katika mstari huo, `tmp/.X11-unix`, haina mkwaju mwanzoni, kwa kuwa huhesabiwa kuanzia mzizi wa kontena. Katika kontena lisilo na upendeleo, namba yako ya mtumiaji (hapa 1000) lazima ipite bila kutafsiriwa ili seva ya X ikutambue; kwa hiyo mstari mmoja wa `lxc.idmap` unagawanywa kuwa mitatu:

`lxc.idmap = u 0 100000 1000`
`lxc.idmap = u 1000 1000 1`
`lxc.idmap = u 1001 101001 64535`

Fanya hivyo hivyo kwa makundi, kwa herufi `g`. Baada ya kuwasha upya:

`lxc-unpriv-attach -n duka -u 1000 -g 1000 --set-var=DISPLAY=:0 -- gimp`

Huenda ukahitaji pia kupitisha faili la idhini la X. Na kama mfumo wa ndani huweka `/tmp` katika kumbukumbu wakati wa kuwaka, utaifunika soketi uliyoipitisha. Ipachike mahali pengine kisha uiunganishe kwa kiungo. Jua, hata hivyo, kwamba X haitenganishi madirisha: programu iliyopewa soketi hiyo inaweza kusikiliza vibonyezo vya kinanda vya madirisha mengine yote. Kwa hiyo njia hii ni ya kutunza unadhifu wa mfumo, si ya kumfungia mshukiwa.

Nizuieje programu isimalize kumbukumbu yote?

Weka `lxc.cgroup2.memory.max = 512M` katika usanidi, au kwa kontena linaloendelea, `lxc-cgroup -n duka memory.max 512M`. Usishangae `free` ikiendelea kuonyesha kumbukumbu yote ya mwenyeji. Bila LXCFS, programu inayoipa kontena hesabu zake lenyewe, amri hiyo husoma hesabu za nyumba nzima.

Hati yangu itajuaje kama programu ya ndani imefaulu?

`lxc-attach` hurudisha namba ya mwisho ya programu yenyewe, kwa hiyo `$?`, `&&` na `||` hufanya kazi kama kawaida.

`lxc-stop` huchukua dakika nzima. Ni kawaida?

Kwa chaguo-msingi hutuma ishara ya kuzima kwa init, husubiri hadi sekunde 60, kisha huua kwa nguvu. Ikichukua dakika kamili kila mara, maana yake init ya ndani haielewi ishara inayotumwa, na hilo hurekebishwa kwa `lxc.signal.halt`. Kutumia `-k` kila siku ni sawa na kuchomoa waya wa umeme; hifadhidata iliyoko ndani haitakushukuru.

Incus na LXD zina uhusiano gani na haya yote?

LXD ilitangazwa mwaka 2014 kama huduma inayosimamia makontena juu ya maktaba ya LXC. Mwaka 2023 Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, iliiondoa katika mradi wa Linux Containers na kuichukua chini yake, na katika mwaka huo huo Incus ikazaliwa kutokana na msimbo huo. Amri zake ni fupi: `incus launch images:debian/12 duka`, kisha `incus exec duka -- amri`. Kila kilichosemwa hapo juu kuhusu sheli ya nje na alama za nukuu kinahusika huko bila mabadiliko. Mwenye makontena zaidi ya matatu au manne aanze huko moja kwa moja. Zana za LXC zinafaa anayetaka kuona mitambo inavyozunguka, na seva ndogo isiyohitaji huduma ya ziada.

Nataka kujaribu programu nisiyoiamini, kisha kila kitu kifutike.

Zima `duka`, kisha unda nakala ya muda:

`lxc-copy -n duka -N jaribio -e`
`lxc-attach -n jaribio --clear-env -- bash`

Nakala hiyo huwashwa papo hapo, na ikizimwa hufutika yenyewe huku `duka` likibaki kama lilivyokuwa. Kontena la kawaida hufutwa kwa `lxc-destroy -n jina`. Amri hiyo hukataa kontena linaloendelea, isipokuwa ukiongeza `-f`. Likiwa limezimwa, haiulizi swali lolote, na mafaili yaliyofutwa hayapiti kwenye pipa la taka.